D ya Kemia Haikufutika

Mama alianza kuniita daktari kabla hata sijapanda ndege. Akipiga simu kutoka Handeni, kwake ni jioni. Kwangu Columbus, Ohio, ni asubuhi, ndiyo kwanza navua viatu baada ya kubeba boksi usiku kucha. "Daktari wangu, umeshindaje?" Namwamkia, namwambia sijambo, halafu naongeza uongo ule ule wa kila wiki: masomo yanakwenda vizuri.

Hayakuwa yanakwenda popote. Mwaka wa kwanza wa chuo ulipoisha, kiangazi cha 2015, GPA yangu, yaani wastani wa alama ambao juu yake kabisa ni 4.0, ilikuwa 1.96. Pale chuoni ukishuka chini ya 2.0 unaandikiwa barua kwamba uko chini ya uangalizi, na usipojikwamua unadisko, unaondolewa chuo. Barua ile niliikunja mara nne, nikaisokomeza ndani ya kiatu cha baridi kabatini ili Baba asiione.

Naandika haya kwa sababu kila mwaka kuna mdogo wangu mmoja au wawili wananipigia, wengine wakinong'ona kana kwamba kuna mtu dirishani: "Dada, nimevurunda mwaka wa kwanza. Udaktari ndiyo basi tena?" Siwezi kuwajibu kwa ndiyo au hapana. Naweza kuwaeleza yangu yalivyokuwa.

Nilikuja na PCB yangu ya kidato cha sita, fizikia, kemia na biolojia, divisheni ya pili, na kichwa kikubwa. Siku ya kwanza profesa wa kemia alianza na mole, nikacheka moyoni: haya si ya fomu tatu? Nikaona nguvu zangu nizipeleke ghalani, kemia nitaikamata mwishoni. Kwetu tumelelewa hivyo. Mwaka mzima unaweza kwenda kwa kusuasua, ilimradi wiki za mwisho ukeshe na madesa, Baraza la Mitihani likileta karatasi unaimaliza. Kule, siku ya kwanza tu, wanakugawia silabasi, kurasa nne tano zilizobanwa pini, nami sikuifungua. Ningeifungua ningeona: kwizi za kila wiki asilimia 15, mazoezi ya mtandaoni 15, maabara 20, mitihani mitatu ya katikati 30, mtihani wa mwisho 20. Mimi nilikesha kwa ajili ya ile 20. Mtihani wa mwisho nilipata B. Kozi nzima nikapata D.

Hesabu nayo nilipata D. Biolojia ilininusurisha na C.

Na zile boksi, kwangu haukuwa msemo wa kijiweni. Yalikuwa maboksi kweli, usiku nne kwa wiki, saa 32, na sehemu kubwa ya mshahara ilikuwa ada ya wadogo zangu wawili nyumbani. Hakuna aliyenishurutisha. Lakini ukishatuma mara ya kwanza, mara ya pili inakuwa zamu yako, na mwezi wa tatu ni wajibu. Kusema "mwezi huu sitaweza" kungemaanisha kueleza kwa nini, na kueleza kwa nini kungenifikisha kwenye ile barua ya kiatuni.

Muhula wa tatu niliirudia kemia. Mtihani wa kwanza nikafeli tena. Safari hii nilikwenda ofisini kwa profesa, wala si kwa ujasiri. Nilikuwa nimebakiza hatua moja nidisko. Alikuwa mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba. Akaitoa karatasi yangu, maswali 25 ya kuchagua, akapitisha kidole hadi chini, akasimama.

"Haya saba ya mwisho umeyaacha wazi. Muda ulikuishia?"

Nikamwambia hapana, sikuwa na uhakika nayo, na niliogopa ukikosea unakatwa alama.

Alinitazama sana. "Nani alikwambia tunakata?"

Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nimekuja na hofu yangu kutoka mahali fulani, nikaitii mwaka mzima bila kumuuliza mtu hata mmoja. Akanirudishia karatasi, akasema nijaribu yale saba pale pale mbele yake. Nikapata matano.

Kisha akachukua kipande cha karatasi akaniuliza nimejiandikisha krediti ngapi. Kumi na sita. Akaandika 16, ndizo saa za darasani kwa wiki. Chini yake akaandika 32: saa mbili za kujisomea kwa kila krediti, na hicho, alisema, ni kiwango cha chini. Jumla 48. Nafanya kazi saa ngapi? Thelathini na mbili. Akajumlisha, 80, akaizungushia duara, hakusema neno. Kipande kile ninacho mpaka leo, ingawa yeye labda alishasahau kwamba aliwahi kukiandika.

Ile kozi niliimaliza na B, lakini nyingine zikaanguka, muhula ukafungwa kwa 2.4. Mwezi wa kwanza 2016 nikafanya jambo ambalo nyumbani lingeitwa kushindwa: nikaomba kupumzika muhula mzima. Baba nilimwambia nimekosa nafasi kwenye kozi. (Uongo mwingine. Nilikuwa hodari.)

Miezi ile niliacha ghala, nikasomea uuguzi msaidizi. Wakati ule Ohio waliuita STNA, mafunzo ya saa 75 na mtihani wa jimbo, unatoka unaruhusiwa kuogesha wazee, kuwageuza kitandani, kuwapima presha, kuwalisha. Mshahara haukuzidi sana ule wa ghalani. Lakini nyumba ya wazee nilipoajiriwa walinipa zamu mbili za wikiendi, saa 16, na usiku wa kuamkia darasa nilikuwa kitandani kwangu. Nyumbani nikasema ukweli nusu: ada ya mtoto mmoja nitaiweza, ya pili tugawane na mjomba. Mjomba hakulalamika hata kidogo. Mwaka mzima nilikuwa nimejitwisha mzigo ambao mwenzangu alikuwa tayari kuushika upande wa pili, ila hakuna aliyemwita.

Niliporudi chuoni Septemba 2016 nilichukua krediti 12 tu. Muhula uliofuata 13, kisha 15, na likizo mbili za kiangazi nikasoma pia. Silabasi nikaitundika ukutani kama kalenda ya msikitini. Sikuwa na akili mpya. Wala sipendi simulizi za watu walioamka asubuhi moja wakiwa wapya. Kemia ogania ilinitoa jasho, nikapata B+ ya muhula wa kwanza na A- ya pili kwa kukaa na wenzangu watatu kila Jumanne tukichora mishale ya elektroni ubaoni mpaka mlinzi anakuja kufunga. Tangu hapo hadi nahitimu, Mei 2019, krediti 88 kwa wastani wa 3.75.

Hapo nikavimba kichwa mara ya pili.

Transkripti ya chuo, yaani karatasi ya matokeo yote, ilisoma 3.38. Chuo chetu ukirudia kozi kinaihesabu alama mpya na kuiacha ya zamani, kwa hiyo zile D mbili, ya kemia na ya hesabu, hazikuwemo kwenye jumla. Kule udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, na maombi ya shule za udaktari za MD, nyingi zake, hupitia mfumo mmoja uitwao AMCAS, na AMCAS haina huruma hiyo. Wanaichukua kila kozi uliyowahi kusoma, kila chuo, kila mara uliyorudia, wanazihesabu zote. Nilipopata hesabu yao nilikuwa kwenye basi: 3.23. Ya sayansi peke yake, yaani biolojia, kemia, fizikia na hesabu, 3.08. Nilishuka kituo ambacho si changu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukitaka kujua umesimama wapi, usiamini namba iliyo juu ya transkripti. Kaa chini na kalamu, zidisha kila alama kwa krediti zake, pamoja na ulizozirudia, gawanya. Afadhali uumie mezani kwako. Na ujue pia kwamba karatasi yao hiyo hiyo inaonyesha kila mwaka kivyake. Wa kwanza wangu 1.96, wa mwisho 3.8. Msomaji makini anaona mlima. Ila mlima si hoja ya kutosha: wanaopokelewa shule za MD wastani wao ni zaidi ya 3.7, na MCAT, mtihani wa kuingilia udaktari, zaidi ya 511. Kila mwaka wanaomba watu zaidi ya elfu 50, wanaoingia hawafiki nusu.

Mwaka ule niliomba shule 14. MCAT niliufanya mwezi wa nane, majibu huchukua kama mwezi, nikatuma kila kitu mwishoni mwa Septemba. Mfumo huo hufunguliwa Mei, na mwanzoni mwa Juni watu wanaojua wameshatuma. Shule zinaita usaili kadiri maombi yanavyoingia. Mimi nilifika harusini wakati wanakunja majamvi. Na zawadi yenyewe ilikuwa 501.

MCAT kwa asiyeujua: vipande vinne, kila kimoja 118 hadi 132, jumla ya juu kabisa 528, na siku nzima inakwisha. Fizikia na biolojia nilizimudu. Kilichonizamisha ni kile cha kusoma, wanakiita CARS: vifungu tisa, maswali 53, dakika 90, na hakuna sayansi ndani yake. Kifungu cha falsafa ya sanaa, kingine historia ya mji fulani wa Ulaya, halafu wanakuuliza mwandishi angekubaliana na lipi. Nimekua na Kizigua kwa bibi, Kiswahili shuleni, Kiingereza sekondari, na Kiingereza chenyewe cha kukremu. Nilikuwa nasoma kila sentensi kama nasaka jibu la kujaza. Nilipata 121.

Shule 14, usaili sifuri. Barua za kukataliwa zina adabu sana, zinakushukuru.

Nilipiga simu shule zote 14 kuuliza nilikosea wapi. Kumi na tatu hazikujibu au zilisema hazitoi maelezo. Moja ilinipa dakika kumi na tano, na dakika zile zilinisaidia kuliko washauri wote niliokuwa nimeonana nao. Mama aliyepokea simu pale aliniambia matatu. Nilichelewa. Namba hazijafika, na mwaka mmoja zaidi wa sayansi ngumu ungewasaidia kuniamini. La tatu alilisema taratibu: "Insha yako inaniomba nikuonee huruma. Sijui utakuwa daktari wa namna gani."

Nilikasirika wiki nzima. Halafu nikaisoma upya. Herufi 5,300 ndizo wanazokupa, na mimi nilikuwa nimezimaliza 4,000 kueleza maboksi, baridi, ada ya wadogo, lugha. Yote kweli. Lakini mgonjwa hakuwemo.

Namba nilizishughulikia kama mtu anayelipa deni. 2020 hadi 2021 nilisoma krediti 24 za juu, bayokemia, fiziolojia, jenetiki, kinga ya mwili, nyingi mbele ya kompyuta kwa sababu ya Uviko. Wastani 3.9. Unajua zilipandisha GPA ya AMCAS kwa kiasi gani? Kutoka 3.23 hadi 3.34. Krediti nyingi zikishalala pale, hazisukumiki. Wako wanaochukua shahada ya uzamili wakidhani itaizoa ile ya chini. AMCAS inaihesabu peke yake, safu nyingine kabisa. Inaweza kukusaidia, ila haigusi ile D. CARS nilisoma kifungu kimoja kila alfajiri kwa miezi minane, bila saa, nikijilazimisha kusema kwa Kiswahili, kwa sauti, huyu mtu anataka nini na anagombana na nani. Siku nilipoweza kulieleza gombano lake kwa Kiswahili, maswali yalikuwa yamekwisha kujijibu. Marudio: 509, na CARS 126.

Kuhusu fedha, neno moja, maana sikuambiwa mapema. AAMC, chama cha shule za udaktari chenye MCAT na AMCAS, wana mpango wa msaada wa ada kwa wenye kipato kidogo: unapunguza ada ya MCAT na unakuwezesha kuomba hadi shule 20 bila malipo. Omba kabla hujajiandikisha kwa mtihani, kwa sababu hawarudishi ulicholipa. Mimi raundi ya kwanza nililipa kila senti. Na kama uko huko kwa viza ya mwanafunzi, usikie hili mapema: shule nyingi hazipokei wasio na kadi ya kijani, na mikopo ya serikali kuu huipati. Nilikuwa na bahati Baba alitangulia na makaratasi yetu yalikuwa sawa. Niseme ukweli, bila hayo nisingekuwa na simulizi hii.

Sasa mgonjwa.

Tangu 2018 nilikuwa nimesomea ukalimani wa hospitali, mafunzo ya saa 40, nikiwatafsiria Wakongo waliokuja Columbus kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na kwingineko. Kanuni zake ni kali: unasema kila kitu, unasema kwa nafsi ya kwanza, huongezi, hupunguzi, hushauri. Siku moja, kliniki, nimemaliza na mgonjwa wangu, nesi akanizuia mlangoni. Kuna bibi ndani, mkimbizi wa Somalia, wamempigia mkalimani wa Kisomali kwa simu, kila swali anajibu "haa". Wananiuliza kama naweza kusaidia. Nikasema Kisomali sijui. Lakini mlango ulikuwa wazi nusu, na bibi alikuwa anamsemesha mjukuu wake pembeni, na nilichosikia kilikuwa Kizigua.

Wazigua wa bonde la Juba, mababu zao walitolewa kwetu utumwani karne ya kumi na tisa. Tumesikia habari hizo utotoni. Ila kuzisikia ni kitu kimoja, na kusimama Ohio theluji ikianguka unamsikia mtu anaongea kama bibi yako aliyelala Handeni ni kingine. Nilimwambia daktari wazi kwamba lugha hii ninayo ya jikoni, sina cheti chake. Bibi akaulizwa kama anaridhia, akaridhia kabla sijamaliza kuuliza.

Alikuja kwa kizunguzungu. Daktari akaomba dawa zake, mjukuu akamimina mfuko wa plastiki mezani. Chupa mbili za presha, dawa ile ile, moja ina jina la kampuni, nyingine jina la dawa yenyewe, za famasi mbili tofauti. Niliziona kabla ya daktari. Neno lilinifika kwenye ulimi: bibi, unakunywa mara mbili. Nikalimeza. Sikuwa daktari pale, nilikuwa mdomo. Nilihesabu sakafuni vigae kumi na moja wakati daktari anasoma chupa moja, anaiweka, anasoma ya pili, anairudia ya kwanza. Kisha akauliza, nikatafsiri, bibi akasema ndiyo, kila asubuhi, hii na hii, maana aliambiwa asiache hata moja.

Insha ya pili ilikuwa na vile vigae, na zile chupa, na kwa nini nilinyamaza, na jinsi nilivyotamani kuwa upande wa pili wa meza. Kuhusu 1.96 niliandika sentensi tatu: nini kilitokea, nilibadilisha nini, namba zilizofuata. Sikuomba radhi wala sikusingizia.

Nilituma wiki ya kwanza ya Juni 2021, MD kumi na mbili, na DO tisa kupitia mfumo wao wa AACOMAS. Nilipata usaili tatu, zote kwa video, nikiwa nimevaa koti juu na kitenge chini. Moja ilinikataa, moja ikaniweka kwenye orodha ya kusubiri na sijasikia mpaka leo, na ya tatu, ya DO, ilinipigia simu mwezi wa pili.

Mama alitaka maelezo. "Hiyo DO ndiyo nini? Mbona wenzio wa Muhimbili wanaandika MD?" Nikamweleza kwamba ni mkondo wa tiba ulioanzia Missouri, shule yake ya kwanza ilifunguliwa 1892, na wahitimu wake wana leseni kamili majimbo yote hamsini, wanapasua, wanazalisha, wanaandika dawa. Akanyamaza kidogo. "Na watakuita daktari?" Wataniita, Mama. "Basi waandike wanavyotaka."

Agosti 2022 Baba alikuja na gari la kukodi kunisaidia kuhama. Alikuwa anatoa vitu kabatini, viatu vya baridi akavishika kwa visigino, vichwa chini, karatasi ikaanguka. Nilikuwa mlangoni na boksi mikononi. Akaikunjua mara nne, akavaa miwani, akaisoma yote amesimama, pamoja na tarehe.

"Hii ya 2015?"

"Ndiyo, Baba. Shikamoo." Sijui kwa nini nilimwamkia tena.

Akaikunja kwa mikunjo yake ile ile, akairudisha ndani ya kiatu, akakitazama kiatu chenyewe, soli imeachia upande mmoja. "Viatu hivi vimeshakufa," akasema. "Huko unakokwenda kuna theluji kuliko hapa. Tutapita dukani."

Vipya tulivinunua. Vya zamani alivitupa nyuma ya gari, na barua yake.